Kuondoa Kizazi: Tupime Faida na Hatari Kabla ya Kuridhia

Hotuba kwa wakazi wa Nyakato, Wilaya ya Ilemela, Mwanza

 

Safari iliyopita tulizungumza nanyi juu ya mizani ya sokoni, yaani namna ya kutambua jiwe lililopunguzwa na namna ya kudai kilo iliyo kamili. Mkutano ulipokwisha, akina mama wawili walitufuata pembeni, kila mmoja na lake. Wa kwanza alikuwa na umri wa miaka 34 na mtoto mmoja. Mkononi alishika karatasi ya hospitali yenye tarehe ya upasuaji. Tulipomwuliza anakwenda kufanyiwa nini, alijibu kwamba anakwenda kusafishwa kizazi. Karatasi ilisema kizazi kitaondolewa. Mama huyo alikuwa bado anatarajia kupata mtoto wa pili.

Wa pili alikuwa na miaka 46 na watoto watano. Kwa miaka mitatu alikuwa amekataa upasuaji huohuo, kwa sababu jirani alimwambia kwamba mwanamke asiye na kizazi hana maisha marefu. Katika miaka hiyo mitatu alikuwa ameongezewa damu mara mbili, na siku ile hakuweza kupanda kilima cha kwenda nyumbani kwake bila kupumzika njiani.

Wote wawili walikosa kitu kimoja, nacho ni maelezo. Ndiyo sababu leo tumerudi na mada hii.

Sisi si madaktari, wala hatukuja kumpangia mtu tiba. Kazi yetu ni kumlinda mlaji, na mgonjwa naye ni mlaji, kwa kuwa anapokea huduma na mara nyingi anailipia. Tarehe 15 Machi 1962 Rais John F. Kennedy wa Marekani alilitaja bungeni kwao jambo ambalo leo ni msingi wa kazi yetu: kwamba mlaji ana haki ya usalama, haki ya kupata taarifa, haki ya kuchagua na haki ya kusikilizwa. Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo ya kumlinda mlaji, na tarehe hiyo ya Machi huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Haki za Mlaji Duniani. Haki hizo haziishii dukani. Zinaingia pia chumba cha daktari, na hapo ndipo zinapohitajika zaidi, kwa maana mkungu wa ndizi ukikosea kuununua utanunua mwingine kesho, lakini kizazi kilichoondolewa hakirudishwi.

Majina matatu yasiyofanana

Tuanze na majina, maana mama wa kwanza alipotezwa na jina. Katika mazungumzo yetu ya kila siku tunasema kufunga kizazi, kusafisha kizazi na kutoa kizazi kana kwamba ni mambo ya ukoo mmoja. Sivyo.

Kufunga kizazi ni njia ya uzazi wa mpango ya kudumu. Mirija inayopitisha mayai hufungwa au kukatwa; mfuko wa uzazi unabaki mahali pake na hedhi inaendelea. Kusafisha kizazi ni kuondoa mabaki yaliyomo ndani ya mfuko, kwa mfano baada ya mimba kuharibika. Mfuko unabaki, na mwanamke anaweza kushika mimba tena. Kutoa au kuondoa kizazi, ambako wataalamu hukuita histerektomi, ni kuukata na kuutoa mfuko wenyewe. Baada ya hapo hakuna hedhi tena na hakuna mimba tena.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba utafanyiwa jambo fulani kwenye kizazi, mwombe aseme waziwazi: mfuko unabaki au unaondolewa?

Kinachoondolewa na kinachobaki

Hata neno kuondoa kizazi lina sura zaidi ya moja. Upo upasuaji unaoondoa mfuko pamoja na mlango wake. Upo unaoondoa mfuko na kuacha mlango. Mama aliyeachiwa mlango bado anapaswa kuendelea na uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi. Upo pia upasuaji mpana zaidi unaofanywa kwa ajili ya saratani.

Kisha kuna ovari, yaani vifuko viwili vya mayai vilivyo pembeni mwa kizazi. Hivi ndivyo vinavyotengeneza homoni za kike. Kuondoa kizazi si lazima kuwe kuondoa ovari. Ovari zikiachwa, mwili huendelea kupata homoni zake, ingawa ukomo wa hedhi, pamoja na joto la ghafla na mabadiliko mengine, unaweza kumfikia mama mapema kidogo kuliko ambavyo ungemfikia. Ovari zote mbili zikiondolewa kabla ya umri huo, ukomo unakuja mara moja: joto la ghafla usiku, usingizi kukatika, ukavu ukeni, na kwa miaka ya mbele mifupa kudhoofika na hatari ya maradhi ya moyo kuongezeka. Zipo sababu nzuri za kuziondoa, kama vile saratani au uvimbe mbaya. Lakini ni uamuzi wa pili, wenye sababu zake, na unastahili maelezo yake peke yake.

Njia ya kuingilia nayo si moja. Daktari anaweza kupasua tumbo, anaweza kupitia ukeni, na penye vifaa na wataalamu anaweza kupitia matundu madogo tumboni. Kupitia ukeni au matundu humfanya mgonjwa apone upesi zaidi, lakini si kila uvimbe unaweza kutolewa hivyo.

Kwa nini daktari hushauri upasuaji huu

Sababu zinazojitokeza mara nyingi ni nne.

Ya kwanza ni uvimbe wa misuli ya kizazi ambao wengi wetu tunaufahamu kwa jina la fibroidi. Uvimbe huu ni wa kawaida mno. Utafiti uliofanywa Marekani uligundua kwamba zaidi ya wanawake 80 katika kila 100 wenye asili ya Afrika huwa wameupata wafikapo umri wa miaka 50, na wengi wao hawana dalili yoyote. Ni nadra sana uvimbe huu kuwa saratani, na kwa kawaida husinyaa baada ya hedhi kukoma. Kuwa nao si ugonjwa wa kupasuliwa. Shida huanza unapoleta damu nyingi, maumivu, mgandamizo kwenye kibofu au ugumu wa kupata mtoto.

Ya pili ni damu nyingi ya hedhi, yaani inayozidi siku saba, inayolazimu kubadilisha pedi kila saa, au inayotoka kwa mabonge makubwa. Damu ya namna hiyo ikiendelea mwezi baada ya mwezi huleta upungufu wa damu mwilini, na upungufu mkubwa huua.

Ya tatu ni kizazi kushuka, tatizo linalowapata zaidi akina mama waliozaa mara nyingi na waliobeba mizigo mizito maisha yao yote.

Ya nne ni saratani. Kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake wapatao 10,000 hugundulika kwa mwaka na saratani ya mlango wa kizazi nchini Tanzania. Ikigundulika mapema, upasuaji unaweza kuiponya. Ikiwa imeenea, tiba ni mionzi na dawa, na kuondoa kizazi peke yake hakusaidii.

Ipo na hali ya dharura: mama anajifungua, kizazi kinapasuka au damu inakataa kukoma kwa dawa zote. Hapo kizazi huondolewa ili mama aishi, na hakuna muda wa mazungumzo marefu. Mama mjamzito azungumze na wauguzi wa kliniki mapema kuhusu dharura za namna hiyo, ili yeye na familia yake wasilisikie jambo hili kwa mara ya kwanza mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Upande mmoja wa mizani: faida

Mama aliyeondolewa kizazi kwa sababu iliyo sahihi hupata nafuu ya kweli. Damu ya hedhi inakoma moja kwa moja. Uvimbe wa kizazi haurudi, kwa kuwa mahali pake hapapo. Maumivu yaliyotokana na kizazi chenyewe huisha. Mama aliyekuwa akipoteza siku saba au kumi kila mwezi, asiyeweza kwenda Mwaloni kununua dagaa wala kukaa kwenye kibanda chake bila hofu ya kuchafua nguo, anarudi kazini akiwa na mwezi mzima. Kwa mwenye saratani ya mapema, faida ni uhai wenyewe.

Upande wa pili: hatari

Upasuaji huu ni mkubwa, hata kama hufanyika mara nyingi na wengi huvuka salama. Damu inaweza kutoka kwa wingi hata mgonjwa akahitaji kuongezewa. Kidonda kinaweza kuambukizwa wadudu. Damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya miguu na kupanda mapafuni. Dawa ya usingizi ina hatari zake, hasa kwa mwenye shinikizo la juu la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo.

Kizazi kimepakana na kibofu cha mkojo, mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo, na utumbo. Viungo hivi vinaweza kujeruhiwa wakati wa upasuaji. Jeraha la kibofu au la mirija lisipotambuliwa mapema linaweza kuacha tundu, na mkojo ukavuja ukeni bila kukoma. Hiyo ni fistula. Wengi tunaijua kuwa inatokana na uzazi pingamizi, lakini inaweza pia kutokana na upasuaji. Inatibika, na hapa Mwanza hospitali ya Bugando ni miongoni mwa zinazoitibu. Mama asijifungie ndani kwa aibu.

Kisha kuna gharama ya muda. Baada ya kupasuliwa tumbo, mwili huhitaji wiki sita hadi nane. Katika muda huo hakuna kubeba ndoo ya maji kichwani, hakuna kuinua gunia, hakuna kulima, na tendo la ndoa linasubiri mpaka daktari aruhusu. Sisi tunaomba familia zilipange jambo hili kabla: nani atachota maji, nani atakaa kibandani, fedha ya chakula itatoka wapi. Tumesikia habari za akina mama walioshona kidonda mara ya pili kwa sababu wiki ya tatu walirudi kwenye ndoo.

Na mwisho, kuna moyo. Wapo wanaopokea hali hii kwa faraja kubwa, na wapo wanaohuzunika, hasa aliyekuwa bado anataka mtoto. Huzuni hiyo si upuuzi, na mume na ndugu wanapaswa kuijua.

Njia nyingine zilizopo

Hatuwezi kupima faida na hatari za jambo moja bila kuweka mengine kando yake. Kwa hiyo mgonjwa aulize njia nyingine.

Kabla ya yote, chanzo cha damu kijulikane. Damu isiyo ya kawaida inaweza kutokana na mimba iliyoharibika au iliyotunga nje ya kizazi, maambukizi, dawa za uzazi wa mpango, uvimbe au saratani. Kwa sisi tunaoishi katika Kanda ya Ziwa tunaongeza kichocho. Ile aina ya kichocho inayokojoza damu, ambayo huambukizwa katika mabwawa, madimbwi na mashamba ya mpunga ya bara, inaweza kushambulia sehemu za uzazi za mwanamke na kuleta damu na maumivu yanayofanana na ya magonjwa mengine. Hiyo hutibiwa kwa vidonge vya prazikwanteli, wala si kwa kisu. Mweleze daktari kama ulikulia au unafanya kazi katika maji ya namna hiyo.

Damu nyingi ya hedhi inaweza kupunguzwa kwa dawa za kuzuia kuvuja damu, dawa za maumivu, vidonge vya homoni, au lupu yenye homoni pale inapopatikana, huku upungufu wa damu ukitibiwa kwa vidonge vya madini ya chuma. Uvimbe unaweza kuondolewa na kizazi kikaachwa. Njia hii inamfaa anayetaka kuzaa, ila uvimbe mwingine unaweza kuota baadaye, na mimba itakayofuata inaweza kuhitaji upasuaji wakati wa kujifungua. Ipo pia njia ya kuziba mishipa inayolisha uvimbe, ambayo hufanywa na wataalamu wachache. Kizazi kilichoshuka kinaweza kusaidiwa kwa mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, kwa pete maalumu ya kukishikilia, au kwa upasuaji wa kukirudisha juu.

Na mama aliyekutwa na mabadiliko ya awali kwenye mlango wa kizazi, ambayo bado si saratani, kwa kawaida hahitaji kuondolewa kizazi. Mabadiliko hayo hutibiwa kwa kugandishwa kwa baridi, kwa joto au kwa kukata sehemu ndogo tu. Uchunguzi wenyewe ni mwepesi: muuguzi hupaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi na kutazama rangi. Na kwa binti zetu ipo chanjo ya HPV, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018. Uchunguzi na chanjo hupunguza idadi ya akina mama watakaofika kwenye kisu.

Mizani haitoi jibu moja kwa wote

Tutoe mifano. Mama wa miaka 52, amekoma hedhi, hana maumivu wala damu, lakini ultrasaundi iliyopigwa kwa sababu nyingine imeonyesha uvimbe mdogo. Kwake hatari za upasuaji zinazidi faida. Afuatiliwe tu.

Mama wa miaka 30, damu nyingi, hajapata watoto anaowataka. Kwake dawa na upasuaji wa kuondoa uvimbe pekee vitangulie, na kuondoa kizazi kuwe jambo la mwisho.

Mama wa miaka 45, amemaliza kuzaa, dawa zimeshindwa, ameongezewa damu zaidi ya mara moja. Kwake kuchelewa kuna hatari kubwa kuliko kisu.

Mama aliyekoma hedhi mwaka au zaidi, kisha damu ikaonekana tena, hata tone. Huyu asisubiri hata mwezi, kwa kuwa anahitaji kuchunguzwa saratani.

Wahenga walituonya kwamba haraka haraka haina baraka, na wakatuonya pia kwamba chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Maonyo yote mawili ni ya kweli, ila kila moja lina mgonjwa wake. Kazi ya daktari ni kukusaidia kujua lipi ni lako.

Maneno ya mtaani

Watu hutuuliza: hedhi ikikosa mahali pa kutokea, damu itakwenda wapi? Haiendi popote. Damu ya hedhi hutoka kwenye utando wa ndani ya kizazi. Kizazi kisipokuwapo, utando haupo, na damu hiyo haitengenezwi. Watu huuliza pia kama mwanamke atabaki mwanamke. Uke unabaki, tendo la ndoa linabaki, na wengi walioteswa na maumivu husema hali yao imekuwa bora. Wanaopata ukavu wanaweza kusaidiwa.

Neno jingine la mtaani linatoka kwenye vipaza sauti na kwenye simu: dawa ya kuyeyusha uvimbe kwa siku 21, majani ya kusafisha kizazi, vidonge vya kuweka ukeni vya kutoa uchafu wote. Sisi hatudharau tiba asili. Nchi yetu ina sheria yake na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala la kuwasajili watoa huduma wake. Lakini muuzaji anayeahidi kuponya uvimbe, ugumba na saratani kwa chupa ileile, asiyeonyesha usajili wala kukupa stakabadhi, hauzi tiba. Dawa na vifaa tiba husimamiwa na TMDA, ambayo ina ofisi ya kanda hapa Mwanza. Ukiwa na shaka, peleka huko jina na picha ya bidhaa. Hasara kubwa kuliko fedha ni miezi inayopotea wakati ugonjwa unaendelea.

Wala si wauzaji wa mitaani pekee wanaoweza kumpotosha mtu. Nchini India, katika wilaya ya Beed jimboni Maharashtra, iligundulika kwamba maelfu ya wanawake wanaokata miwa walikuwa wameondolewa kizazi, wengi wakiwa bado vijana. Mwaka 2019 serikali ya jimbo iliunda kamati ya kuchunguza, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya India iliziagiza serikali za majimbo kutekeleza miongozo ya kuzuia upasuaji usio wa lazima. Wengi wa wanawake wale walikuwa maskini, walioogopeshwa kwamba wana saratani na kuhimizwa walipe upesi. Tunalitaja jambo hili kwa sababu linatufundisha swali moja: je, ninaharakishwa na ugonjwa, au ninaharakishwa na mtu?

Maswali ya kuuliza kabla ya kuridhia

Yaandikeni, au mwombe kijana awaandikie, kisha mwende nayo.

1. Ugonjwa wangu unaitwaje, na umethibitishwa kwa kipimo gani?
2. Nikisubiri miezi sita, nini kinaweza kutokea?
3. Njia gani nyingine zipo, na kwa nini hazinifai mimi?
4. Kitakachoondolewa ni nini hasa: mfuko, mlango, mirija, ovari?
5. Mtapitia tumboni, ukeni au kwenye matundu, na kwa nini?
6. Wingi wa damu yangu ni kiasi gani, na mtaupandishaje kabla ya siku ya upasuaji?
7. Nani atanipasua, na amezoea upasuaji huu?
8. Kilichoondolewa kitapelekwa maabara, na majibu nitayapata lini?
9. Gharama zote ni kiasi gani, pamoja na kitanda, dawa, vipimo na maabara?

Daktari mwema hakasiriki akiulizwa. Kama hali si ya dharura, una haki ya kusema: ninaomba siku chache nifikiri. Una haki pia ya kutafuta maoni ya daktari wa pili. Sisi wa Nyakato tuna bahati kwamba Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure na Hospitali ya Kanda ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, zote zinafikika kwa daladala.

Ridhaa, malipo na malalamiko

Fomu ya ridhaa si stakabadhi ya kulipia kitanda. Ni tamko lako kwamba umeelewa na umekubali. Usiweke sahihi wala dole gumba kwenye karatasi ambayo hujasomewa kwa lugha unayoielewa. Kama Kisukuma ndicho kinachokufaa, omba usomewe kwa Kisukuma. Mwenye mwili ndiye mwenye kuridhia. Ni vizuri mume ashirikishwe, na sisi tunawaomba akina baba waende pamoja na wake zao, wasikilize, waulize. Lakini kushirikishwa si kuamua kwa niaba ya mtu mzima mwenye akili timamu.

Kuhusu malipo, mwenye bima athibitishe mapema ni nini bima inalipia na nini hailipii. Asiye na uwezo amwone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya siku ya upasuaji. Lipa kwa namba ya malipo uliyopewa na ofisi, si mkononi mwa mtu, na utunze stakabadhi. Damu ya kuongezewa haiuzwi. Ndugu wanaweza kuombwa kuchangia, na kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Ziwa kiko hapa Mwanza.

Ukiruhusiwa kurudi nyumbani, ondoka na karatasi inayoeleza ulifanyiwa nini na nini kiliondolewa. Rudi hospitali mara moja ukiona homa, damu nyingi, usaha au harufu mbaya, mguu mmoja kuvimba na kuuma, pumzi kukata, au mkojo kuvuja. Kama hukuridhika na huduma, anza na dawati la huduma kwa mteja la hospitali, kisha mganga mfawidhi, kisha mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Malalamiko juu ya mwenendo wa daktari hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Andika tarehe, saa na yaliyosemwa. Kumbukumbu iliyoandikwa husikilizwa zaidi.

Tuliwaacha akina mama wetu wawili njiani. Wa kwanza alirudi hospitali na maswali yake. Alielezwa kwamba uvimbe wake ungeweza kuondolewa na kizazi kikabaki, ila damu ingeweza kutoka zaidi na uvimbe ungeweza kuota tena. Alikubali hivyo. Hakuna aliyemwahidi mtoto, naye alilijua hilo alipoweka sahihi. Wa pili alitibiwa kwanza upungufu wa damu, kisha akaondolewa kizazi na kuachiwa ovari zake. Binti yake alimsaidia kuuza kwa miezi miwili. Leo yuko miongoni mwetu, amekaa nyuma kule, na ametupa ruhusa ya kusema habari zake bila kutaja jina lake.

Mwenye swali asimame sasa. Mwenye swali la faragha, tutabaki hapa mpaka jua lizame.